Alama ya Mkanda

Kwa miaka mingi mama yangu alisali akiwa ameketi kwenye kiti. Wenzake hapa mtaani Mikelenge walisujudu, yeye akainamisha kichwa kidogo tu. Mgongo ulikataa, shingo nayo ikakataa. Maumivu hakuyalalamikia sana. Alililia jambo moja: asije akafa kabla paji lake halijagusa tena chini.

Katikati ya paji hilo ngozi imekuwa ngumu. Ni alama ya mkanda. Wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na chumvi ikaadimika, mama alijaza mchele kitungani, akakibeba mgongoni kwa mkanda wa magome uliopita kwenye paji la uso. Akavuka mto hadi Alunguli, akashika njia ya Lubutu, akabadilisha mchele kwa chumvi. Mimi nilibaki kwa shangazi. Kila bunduki ilipolia nilidhani imempata yeye. Akirudi nilimkumbatia kiunoni, maana shingo hakutaka iguswe.

Mwaka huu nikampeleka kwa kine, yule mtaalamu wa viungo hospitalini, dada mmoja mpole. Alimlaza chali, magoti juu, akamwambia avute kitovu ndani huku anapumua, kisha ainue kiuno polepole. Akamtaka apige magoti na viganja chini, anyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila kuyumba. Kwa ajili ya shingo, asukume paji dhidi ya kiganja chake mwenyewe, kichwa kisiende popote.

"Tumbo na kiuno vikipata nguvu, mama," alisema, "mgongo hautabeba peke yake."

Mama alisikiliza kwa adabu. Tulipofika nyumbani akasema, "Yule mutoto hajui shingo. Shingo inapata nguvu na muzigo."

Nilidhani ni maneno tu. Asubuhi moja nikarudi kutoka sokoni, nikamkuta sakafuni, kitunga cha mihogo kimeanguka kando, mkanda ule wa zamani ungali kwenye paji lake. Mimi si mtu wa subira. Nilimvua ule mkanda, nikachukua kisu niukate.

"Acha," akasema, bado amelala. "Hiyo njo ilikulisha."

Nikaweka kisu chini. Nikaketi kando yake nikalia, maana ni kweli, ulinilisha. Kisha nikamwinua, nikautundika mkanda ukutani.

"Basi ipumzike, mama. Ile kazi iliisha."

Maumivu yalipotulia tukaanza upya mazoezi ya yule dada, sisi wawili, kwenye mkeka, kila baada ya chai. Haba na haba hujaza kibaba. Siku zingine alininunia, siku zingine alinicheka kiuno changu kikiyumba.

"Wewe uko laini sana," aliniambia. "Ile chumvi yote ilienda wapi?"

Ijumaa iliyopita aliacha kiti ukutani. Nilikuwa mlangoni, roho juu. Akashusha magoti, akaweka viganja, kisha polepole paji lake, pale penye alama, likafika kwenye mkeka. Akakaa hapo. Akazidi kukaa. Nikasogea, mikono tayari kumwinua, lakini akanyanyuka mwenyewe, akaendelea na sala yake mpaka mwisho.

"Nilidhani umekwama, mama."

"Hapana," akasema, akijifuta macho kwa pindo la kitenge. "Nilikuwa na maneno mingi. Kule kwenye kiti nilikuwa namuambia Mungu kwa mbali."