Mshauri wa Familia Juu ya Marobota

Amefariki yule mama wa Kikolombia aliyekuwa akiandika orodha za mizigo yetu hapa Guangzhou, China. Moyo, wamesema. Habari kaniletea jirani yangu Mperu, ambaye hubisha hodi kwangu kwa kila jambo kwa sababu anajua nipo. Wasomaji wangu mnanifahamu: nikifika barabara ya Huanshi Zhonglu kununua chapati najihesabu nimesafiri, na nikirudi napumzika siku mbili. Wenzangu wanakimbizana na mizigo mtaa wa Guangyuan Xilu, mimi naagiza kwa simu. Kwa hiyo hata misiba hunikuta nyumbani, nimevaa msuli.

Marehemu kwao alikuwa mshauri wa familia zenye wagonjwa wa akili. Huku vyeti vyake havikukubaliwa, akaishia ofisi ya mizigo, alikookota Kiswahili chetu pamoja na matusi yake. Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, familia za Kilatino, watu wa Amerika ya Kusini kama yeye, zilimfuata pale pale: baba, mama, watoto, shangazi, wote wamekaa juu ya marobota. Niliwahi kumtania kwamba hospitali huita mgonjwa mmoja mmoja, yeye anaita ukoo. Akanijibu kwamba hajawahi kumwona mtu wa kwao aliyeugua peke yake.

Miaka michache iliyopita mke wa Mperu aliacha kutoka chumbani. Hali, hasemi, hawasuki tena binti zake. Mumewe akampeleka hospitali, daktari akauliza maswali kwa simu ya kutafsiri. Je, mgonjwa huongea na watu wasiokuwepo? Mume, mtu mkweli, akasema ndiyo, kila asubuhi huongea na picha ya marehemu mama yake. Daktari akaandika, akataka alazwe. Mume akaingiwa na hofu, akaamua kumrudisha mkewe Lima peke yake, mabinti wabaki naye huku. Akaja kwangu kuulizia tiketi. Mimi, kwa hekima zangu za kidato cha nne, nikamwambia hayo ni majini, atafutwe shehe. Mtu ni Mkatoliki. Alinitazama kwa huruma, nikaona aibu, nikampigia simu yule mama.

Jumapili hiyo nilitoka nyumbani, iandikwe, nikawasindikiza. Walizungumza Kihispania, mume akawa ananinong'oneza maana yake. Yule mama hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza bibi yao mabinti, yule marehemu, alikuwa akipika nini sikukuu, wakabishana kidogo kuhusu pilipili, na mgonjwa akatoa sauti iliyokaribia kicheko. Ndipo akaulizwa mara ya mwisho kumsalimia mama yake ilikuwa lini.

"Tangu tuhamie jengo tunalokaa sasa sijamsalimia," akasema. "Sina la kumwambia."

Mume, ambaye hutoka alfajiri kwenda sokoni, hakuwa na habari. Yule mama akanigeukia mimi na majini yangu.

"Umesikia, mzee wa sebuleni? Kuongea na mama yake ndiyo salamu ya kwao. Huyu ameugua siku aliyonyamaza."

Kesho yake alikwenda nao hospitali. Hakumgombeza daktari, alimweleza. Na mgonjwa naye akaambiwa na yule mama dawa azimeze, asilete ujanja. Kulazwa kukafutwa, tiketi haikukatwa. Mabinti wale leo wana mama nyumbani.

Nimechoka kuandika haya kana kwamba ni ya Walatino tu. Sisi mtu wetu akielemewa husema kichwa kinamgonga, anapewa dawa ya kichwa, anarudi dukani, tunamwambia amwachie Mungu. Tunayajua yote hayo, na hakuna tunachokifanya. Yule mama aliomba hospitali moja impe kiti tu, siku moja kwa wiki, akae karibu na daktari familia za kwao zinapoingia. Akaambiwa aache barua ya maombi, atapigiwa simu. Nilipomuuliza kama walipiga, alisema amezeeka akisubiri, nimpe orodha ya mizigo aendelee na kazi. Nami, msomaji, nilimpa orodha. Sikuwahi kwenda naye kuomba, wala mimi na wafanyabiashara wenzangu hatukuweka hata jina moja chini ya barua yake. Palikuwa mbali, na mimi si mtu wa kutoka.

Anayetaka kukutibu lazima kwanza ajue ukiwa mzima huwa unakuwaje. Kwa familia zile zote, aliyekuwa akijua alikuwa mmoja, na sisi tuliomzunguka tukamwacha abaki mmoja.