Tawi la Aechje

Aechje alichora sahani katika karakana yetu hapa mjini Delft, na hakujua kumung'unya maneno. Mjane yule mkate wake ulitoka kwenye kile kiti cha dirishani tu.

Vita vya Uchina vilikuwa vimezuia sahani za huko kufika, na kila mwenye nyumba akataka za kwetu za buluu na nyeupe. Tajiri wetu, Gillis, alikuwa na moja ya Kichina ya kuigia, yenye ndege. Aechje aliichora kwenye karatasi, akatoboa mistari kwa sindano, nasi tukapitisha unga wa makaa kwenye vitundu hadi kwenye sahani zetu na kuifuata mistari kwa brashi. Lakini sahani ile ya Kichina ilikuwa na ufa mwembamba, naye akadhani ni tawi. Akalitia na majani.

Tanuri lilipofunguliwa, mfanyabiashara wa Amsterdam alicheka mpaka machozi. "Gillis, mmechora ufa!"

Akaondoka bila kununua kitu. Gillis akatugeukia, mwekundu kama kaa aliyechemshwa. "Aechje! Zipeleke uani ukazivunje mwenyewe, zote. Hutaki, kiti nampa mwingine."

"Ufa ni wa Mchina, tajiri. Tawi ni langu. Ndege wake alikuwa ananing'inia hewani, nimempa pa kutua."

"Nani kakutuma?"

"Na wewe nani kakutuma uuze udongo wa Delft kwa jina la Uchina?"

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Mimi niliogopa, sisemi uongo. Aechje akafuta brashi yake, akavaa kofia. "Liwalo na liwe. Sivunji hata moja."

Hapo hasira ikanipanda. Nikaweka brashi yangu chini. Dirck, mchoraji aliyeketi kando yangu, akaweka yake, kisha benchi zima. Sahani mbichi zilijaa mbaoni zikisubiri rangi, na tanuri lilikuwa la kuwashwa jioni ileile. Gillis akatutazama, akazitazama.

"Haya, Aechje mwanangu, kaa basi."

"Leo nimekuwa mwanao? Sikai mpaka sahani za tawi ziwekwe rafuni. Na uzibebe wewe."

Alinung'unika, akakunja mikono ya shati, akainua za kwanza, zikagongana.

"Taratibu, tajiri," Aechje akamwambia. "Hizo ni za Delft. Zikivunjika, hakuna meli itakayokuletea nyingine."