Gari la Mtaliano

Katikati ya miaka ya hamsini nilirudi Unguja na digrii yangu, nikaposa. Kwa desturi yetu, mposaji akishapeleka wazee hujiweka mbali mpaka jibu lije, na zaidi asionekane na baba wa msichana. Mimi, msomi, kukaa sikuweza. Nilizunguka vichochoro vya mji kama kuku anayetafuta pa kutaga, hatimaye nikaenda kujificha sinema.

Kabla ya filamu ya Kihindi walionyesha mashindano ya magari huko Marekani: vigari vya Ulaya, vifupi, visivyo na paa, vikikimbizana vumbini. La Mtaliano na la Mwingereza yalikwenda bega kwa bega. Sinema nzima ilimshika Mtaliano, si kwa kumpenda, bali kwa kuwa Mwingereza tulikuwa naye nyumbani. Mtu mmoja tu, safu ya mbele yangu, alisimama kumshangilia Mwingereza.

"Kaa chini, mzee! Huyo wako ana pumu!" nikapiga kelele.

Akageuka. Alikuwa baba wa msichana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kumbe na wewe umo?"

Akanikazia macho mpaka mbio zikaisha. Nani alishinda, sijui hata leo.

Jibu lilikuja wiki hiyo hiyo: nimekubaliwa, ila harusi mwakani.

"Mwambieni kijana wenu," aliwaagiza wazee wangu, "gari la Mtaliano lipoe kwanza."