Chati Iliyosubiri Zamu

Bosi alipomfuata Kalamu shuleni alikokuwa akifundisha, hakumbembeleza. Alitaka mtunzi wa maswali ya kozi za mtandaoni. Kalamu akakubali kwa sharti: baada ya mwaka, kiti cha mkuu wa kozi kiwe chake. "Tutaona," bosi akasema. Mwanamke aliyejisomesha kwa kuuza daftari anajua neno hilo si ahadi. Akalichukua hivyo hivyo.

Kosa lake ni kumwingiza kazini wifi yake, mchora chati. Chati za wifi zilitembea kwenye skrini. Wageni wakija ofisini waliipita meza ya Kalamu kama wanapita stoo, wakajazana nyuma ya kiti cha wifi. Bosi naye alianza kusema kiti cha ukuu kina wagombea wawili. Kalamu akaanza kuwahesabu wageni wa wifi.

Ikaja kazi ya kuunganisha swali na chati. Mvua ikipungua nusu, mavuno yatashuka kiasi gani? Mwanafunzi asogeze kitufe kukisia. Wifi alitaka mstari wa chati ufuate kitufe papo hapo. Kalamu, aliyeshika kazi ya kuunganisha, akaificha chati mpaka jibu litumwe.

"Wifi, mbona umenifungia chati?"

"Sijaifunga. Inasubiri zamu."

"Zamu ya nani?"

"Ya swali. Wewe si umezoea kutangulia?"

Wifi akapeleka shauri kwa bosi. Bosi hakuamua, akajaribu njia zote mbili kwa wanafunzi. Kwa njia ya wifi, walisogeza kitufe mpaka mstari ukagusana na ule wa mavuno halisi, wakapata alama zote, na kesho yake hawakukumbuka kitu. Kwa njia ya Kalamu walikosea, wakaiona chati, wakabishana. Wiki nzima jibu halikuwatoka kichwani.

"Wazo la nani hili?" bosi akauliza.

"Langu," Kalamu akasema. "Niliwafikiria wanafunzi."

"Wanafunzi gani, wifi? Ulinionea wivu mchana kweupe."

Bosi akacheka. "Basi aendelee kuona wivu. Mkuu ni yeye."

Kalamu alikipata kiti, kizuri, cha kuzunguka. Ila chati inayosubiriwa, ikifunguka, watu huguna kwa raha zaidi kuliko zamani. Kila mgeni akija, Kalamu husikia mguno huo nyuma ya kiti cha wifi, akazungusha chake kutazama ukuta.