Mvua ya Mama Ilivyotafutiwa Mizani

Mimi darasa la pili sikulimaliza, basi msinitegemee niwapangie washairi wakubwa wa dunia, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Ninachojua nilikipata Lupepo, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipoambiwa watu wazima wote tukasome. Tulisomea kanisani baada ya kutoka shamba la kijiji, miguu ina tope. Mvua za kwetu zikianza, hata mbuzi husahau jua lina rangi gani.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa Tanga, anavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Siku moja akatusomea shairi la zamani la pwani, la mtu aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Sikuelewa hata nusu, lakini vinyweleo vilinisimama. Akafunga kitabu, akasema, "Mshairi mkubwa ndiye huyu. Mwenyewe hayupo, maneno yake yapo."

Nikamfikiria mama. Mama yangu alitunga nyimbo za kulimia, na mmoja, wa mvua, aliutunga mwaka nyumba yetu ilipovuja na mimi mchanga mgongoni. Sasa kifua kilimbana. Alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Igogwe, akiimba mstari mmoja anakohoa miwili. Na hakuna mwingine aliyeujua wimbo wote. Akiondoka, unaondoka naye. Nikasema nitauandika uwe shairi la Kiswahili, kama la yule wa pwani.

Nikaandika, nikampelekea mwalimu. Akasoma, akanirudishia taratibu. "Zuri, kaka. Ila halina mizani."

Sisi mizani tuliyoijua ni moja, ile ya chai, inayoning'inia bandani, ukileta kikapu chepesi karani anakutazama kama umelala kutwa. Nikaelewa kuwa shairi langu ni jepesi. Siku tatu nililiongezea uzito. Nikatia jiwe la kusagia, nikatia nyundo, na mstari wa mwisho nikatia Mlima Rungwe mzima.

Mwalimu alipolisoma alijifunika uso kwa daftari, mabega yakitikisika. Akanituma mjini, mtaa wa Bagamoyo. Bagamoyo yetu ya Tukuyu hiyo, haina bahari. Kulikuwa na mzee Mwislamu muuza khanga na mafuta ya taa, aliyejua mashairi kuliko yeye.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa kutafuta mizani."

"Marahaba. Ninayo hii ya sukari, na haiuzwi."

Nikamweleza, pamoja na habari ya Mlima Rungwe. Akacheka hadi kofia ikamtoka. Kisha akagonga kaunta kwa kidole. "Mizani ni sauti, wewe. M-vu-a. Ngapi hizo?"

"Tatu."

"Basi nane huku, nane kule."

Tulishinda pale, mteja wa mafuta ya taa akisubiri mpaka naye akaanza kuhesabu. Nikatoka na mstari wangu: Mvua, twaa uwanja, paa langu niachie. Nilirudi kwa miguu nikiuhesabu njia nzima, kila mara kumi na sita, hakuna aliyetoroka.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, yaani asante sana. Akamenya nyingine. "Lakini mvua hiyo hainyeshi."

"Ina mizani kamili, mama."

"Jembe linaangukia wapi?"

Nikarudi kwa mzee, nikidhani atachukia kazi yake kukataliwa na mwanamke asiyejua kusoma. Hakuchukia. Alikunja khanga aliyokuwa nayo, akasema, "Hata hao wakubwa wetu walighaniwa kwanza, wino ukafuata. Mizani ya mama yako ni jembe. Kaandike jembe."

Basi nikauandika upya kwa Kinyakyusa, vilevile anavyoimba, na kila mahali jembe linapoanguka nikachora mkwaju, kijistari kilichoinama. Mama alinipa mstari asubuhi, mstari jioni, akikohoa nami nangoja na kalamu. Ulituchukua masika yote. Nilipousoma darasani, wanawake waliudaka palepale, na mwalimu, ambaye Kinyakyusa alikijua salamu tu, alikuwa anapiga mguu chini.

Wakauhamishia shamba la kijiji. Siku moja mama amekaa mlangoni, akawasikia ng'ambo ya kijito, majembe yakishuka pamoja. Akainua mkono ninyamaze.

"Wamekosea," akasema. "Mimi nilisema mvua ichukue uwanja. Wao wanaipa mlango. Watalala wazi hao."

Nikainuka nikawarekebishe.

"Kaa. Wimbo usiokosewa na mtu una mwimbaji mmoja tu. Mimi sitaki tena kuwa mmoja."

Alikaa nasi miaka mingine kadhaa, na kila akiwasikia alicheka walipofika kwenye mlango.

Juzi nimepita mahali mabinti wanalima maharage, umri wa wajukuu zangu, simfahamu hata mmoja. Wanauimba. Nikasimama na fimbo yangu.

"Wimbo wa nani huo?"

"Hauna mwenyewe, babu," akanijibu mmoja bila kuacha jembe. "Ni wa zamani tu."

Nikangoja wafike pale. Wakafika. Wakaipa mvua mlango.