Folda ya Vipimo

Mke wangu ni fundi cherehani na mimi ni mpiga pasi wake. Watu hucheka, wacheke. Miaka kumi na tisa nanyoosha anachoshona, na bado nenosiri la folda yake ya vipimo silijui. Nilimwuliza mara moja tu. Akanijibu, "Baba watoto, wewe hata siri ya zawadi ilikushinda." Kweli tupu.

Zamani alikuwa na daftari, likikaa mezani kando ya mkasi. Siku moja mteja aliyekuwa akingoja zamu akalifunua, akasoma kiuno cha jirani yake, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulishamwita yule dada Pipa. Hakukanyaga tena dukani kwetu. Mke wangu alilia, akalichoma daftari, akahamishia vipimo vyote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na folda akaifunga. Hata mtu akiishika simu yake, humo haingii. Mwili wa mtu, anasema, si tangazo.

Mwaka juzi akaja Mwalimu Mkuu, ambaye sare za shule yake ndizo zilizokuwa zikitulisha. Mkamwana wake alikuwa mteja wetu pia. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na ya tatu, mbali na yeye mwenyewe, waliijua watu wawili tu: mumewe, na mke wangu mwenye utepe wa kupimia.

"Fundi, nataka kumshonea mkamwana gauni bila yeye kujua. Nionyeshe vipimo vyake, vya sasa na vya mwezi uliopita."

"Vya mwezi uliopita vya nini, mama?"

"Wewe nionyeshe tu."

"Nisamehe, mama. Njoo naye, nitampima mbele yako."

"Haya. Na sare utashona za nani?"

Pasi ikanigandia hewani. Ningekuwa mimi, ningeshafungua folda na kumsomea kwa sauti. Mke wangu akasema, "Nitashona za wanaoniamini."

Muhula ule sare zilikwenda kwa fundi mwingine. Tulifunga mkanda, na mimi nilinuna wiki mbili nzima. Naona haya kuikumbuka midomo yangu ile.

Nayasema haya leo kwa sababu mtoto wa mkamwana anatembea, na Mwalimu Mkuu mwenyewe, sasa amepona, huyasimulia kila mahali. Miezi mitatu baada ya ugomvi alirudi, amebeba mfuko wa magauni. Utepe ulipomzunguka, kiuno kilikuwa pungufu ya magauni yale kwa inchi sita. Hospitali walikwisha kumwambia anaumwa nini, lakini nyumbani hakumwambia mtu. Tumbo la mkamwana lilikuwa limeshaonekana, na mama mkwe alitaka binti huyo ajifungue kwanza, moyo wake umetulia.

"Nibanie haya yote, wasinigundue," alimwambia mke wangu kwa sauti ya chini. "Na vipimo vyangu, mwanangu, viweke kwenye folda ile ile uliyoninyima."