Verna Aliyezuia Kitanda Mlangoni

Nesi Verna Klassen ni wa umri wa mama yangu, mrefu, mkimya, mikono baridi. Nilimjua katika hospitali ya jiji la Winnipeg, tulipoletwa kwa ndege ya wagonjwa kutoka kwetu kaskazini, mimi na binti yangu Rayna wa miaka tisa. Wengine walibaki nyumbani. Mgonjwa hulipiwa msindikizaji mmoja tu.

Mara ya kwanza madaktari walipompitishia Rayna mpira mdomoni hadi kwenye mrija wa nyongo, kutoa vijiwe, kongosho lilivimba. Siku kumi na moja alitapika amejikunja, nami sina wa kumwambia. Sasa walikuwa wanarudia, na hofu yangu ilikuwa kongosho hilo tu.

Dawa ya kulikinga ni kidonge cha kuingizwa nyuma, njia ya haja kubwa. Ilikuwa ya watu wazima, kwa hiyo Verna aliileta imeshakatwa nusu kulingana na uzito wa mtoto. Rayna akabana shuka, hataki. Daktari akasema muda umekwenda, waendelee hivyo hivyo. Verna akasimama mlangoni, akashika ukingo wa kitanda kisisukumwe nje.

"Bila dawa hatoki hapa, daktari. Nipe dakika tano."

Akatutoa wote, hata mimi. Nikiwa koridoni nikamsikia Rayna: "Lakini usiangalie."

"Niangalie nini, bibie? Miaka thelathini naona matako ya watoto. Yako yana nini jipya?"

Mwanangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tupande ndege.

Aliporudishwa, dawa imeingia na vijiwe vimetoka, Verna aliacha dripu iende kwa kasi; maji mengi nayo ni kinga, alisema. Kila baada ya muda alimuuliza kama tumbo linauma hadi mgongoni. Rayna alilalamikia mkojo wa mara kwa mara tu. Saa kumi majibu ya damu yakaja mazuri, na mtoto akadai mkate wa kukaanga wa bibi yake.

Zamu ya Verna ilikuwa imekwisha tangu saa tisa. Nikamuuliza kama kwake hawamsubiri. Akasema mumewe alifariki, watoto hawakujaliwa, kuna paka, na paka mwenyewe hainui kichwa anapoingia.

Nikiwa dirishani nilimwona chini akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, peke yake, polepole. Nikagonga kioo cha dirisha kwa kucha nimpungie mkono. Tulikuwa ghorofa ya nne. Hakusikia.

"Unamgongea nani, mama?" Rayna akauliza.

Nikamwambia, "Mtu wetu."